Waliotia fora kwa nyuzi sita

Mwalimu wangu wa gitaa anakaa Kibokoni, Mombasa, ghorofa ya pili, katika nyumba ambayo ngazi zake zina giza hata saa sita mchana. Siku ya kwanza nilimwendea na orodha. Nilikuwa nimeandika majina ya wapiga gitaa ninaowahusudu: nani alitangulia, nani ana kasi, nani aliuza santuri nyingi. Mzee aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe cha kahawa.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa wote hujawasikia bado. Utawasikia siku utakapojaribu kuwapiga."

Imepita miaka miwili. Orodha hii ni ya pili. Kila aliyemo nimemtafuta kwanza kwa vidole vyangu. Wengine nimewapata robo, wengine sijawapata hata kidogo, na hao ndio nilioishia kuwapenda zaidi.

Aliyetangulia kulitia gitaa umeme

Ukiuliza nani alianza kupiga gitaa la umeme Kenya, jina linalotajwa kabla ya mengine ni la mtu wa pwani: Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924 upande wa Kilifi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika kikosi cha burudani cha askari wa Afrika Mashariki, akawapigia wenzake waliokuwa vitani India na Bama. Aliporudi akaingia studio. Santuri zake za kati ya mwaka 1947 na 1956 zilikusanywa baadaye, mwaka 1994, katika CD moja, nami nimejifunzia hiyo hiyo.

Kwa muda mrefu nilidhani sifa yake ni kule kutangulia tu. Kisha nikakaa na "Tausi" wiki tatu, sehemu baada ya sehemu, nikisimamisha na kurudia, ndipo nikaelewa umeme ulimfaa nini. Gitaa kavu likiwekwa karibu na klarineti au tarumbeta humezwa. Mpigaji hubaki kukwaruza nyuzi kwa nguvu zote ili angalau asikike yupo. Fundi Konde alipopata kipaza sauti aliacha kukwaruza, akaanza kugusa. Umeme ulimpa ruhusa ya kupiga kwa upole. Kodi zake, yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja, huhama kidole kimoja kimoja, vitatu vikibaki mahali pake huku cha nne kikitafuta sauti mpya, na baina ya mstari mmoja wa uimbaji na mwingine huacha nafasi tupu. Nafasi ile ndiyo iliyonishinda. Mkono wangu ulitaka kuijaza kila mara. Mzee alikuwa akinishika kiganja, taratibu, mpaka nafasi ipite.

Baadaye Fundi Konde alihamia upande wa pili wa kioo, akawa fundi mitambo wa studio akiwarekodi wengine. Alifariki mwaka 2000. Nikiona vijana wetu wananunua gitaa la umeme na kulifungulia sauti hadi mwisho kabla hawajajua kodi mbili, hutamani ningeweza kuwaketisha na santuri moja tu ya mzee huyu, wasikie gitaa lilivyoingia katika waya kwa adabu.

Wimbo uliokwenda mbali kuliko zote

Fadhili William, Mtaita aliyezaliwa mwaka 1938, alirekodi "Malaika" pamoja na Jambo Boys karibu na mwaka 1960, kisha akaurekodi tena na Equator Sound Band mwaka 1963. Tangu hapo wimbo haukurudi nyumbani. Miriam Makeba aliuchukua. Mwaka 1965 ukaingia katika santuri aliyoitoa na Harry Belafonte, na santuri hiyo ikapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Boney M waliuimba mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991. Wimbo mwingine wa mapenzi wa Kiswahili uliotamkwa na midomo mingi hivyo isiyojua Kiswahili, mimi siufahamu.

Aliutunga nani? Adam Salim wa Tanzania alisema ni wake tangu miaka ya 1940. Hapa Mombasa wapo wanaoshikilia kuwa mwenyewe ni Lucas Tututu. Fadhili alishika haki yake mpaka alipofariki Februari 2001. Sina mizani ya kuwapimia. Ninachosema, na nakisema kwa uzito, ni kwamba anayepanda jukwaani hotelini akauimba bila kutaja jina la hata mmoja wao amewadhulumu wote kwa pamoja.

Kwa mwanafunzi wimbo huu una mtego. Kodi zake ni tatu. Ukiupiga katika C utahitaji F na G, na hiyo F, kwa nionavyo mimi, ndiyo kodi iliyowatoa watu katika gitaa kuliko nyingine yoyote: kidole cha shahada kinalazwa kubana nyuzi, vingine vitatu vinajipinda mbele yake, na uzi mmoja usipobanwa sawasawa kodi nzima inakuwa butu kama ubao. Nilihangaika nayo miezi mitatu. Siku moja Mzee akanihamisha, akanipa G, ambako C na D zinatosha, nikaupiga wimbo mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Machozi yalinitoka. Wiki iliyofuata akanirudisha kwenye F.

"Hatukuikimbia," akasema. "Tulipumzika tu."

Vidole viwili, kazi ya watu watatu

Huyu si wa Mombasa, lakini mpiga gitaa kavu wa Afrika Mashariki asiye na deni kwake itabidi utafute sana kumpata. Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akarekodi "Masanga". Mwimbaji ni mmoja, gitaa ni moja, Kiswahili ni cha Katanga. Mtaalamu David Rycroft alipotaka kuuandika upigaji wa Bosco kwa nota na kuuchambua, ilimlazimu atoe makala yenye sehemu mbili, ya kwanza mwaka 1961 na ya pili mwaka 1962. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, Bosco na mwenzake Edouard Masengo walikuwa wamekwisha kufika Nairobi, na vijana wa Kenya waliokuwa wakiwasikia redioni sasa waliweza kuitazama ile mikono. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Ajali ya gari ilimchukua mwaka 1990.

Ukiusikiliza "Masanga" kwa mara ya kwanza utahesabu watu: mmoja anapiga besi, mmoja anapiga wimbo, mmoja anajibu. Kumbe ni gumba na shahada, basi. Vidole vingine vitatu vya mkono wa kulia vimepumzika. Nikamwomba Mzee anionyeshe. Hakunionyesha wimbo. Alinipa kidole gumba peke yake, mwezi mzima, kinadonoa nyuzi nene kwa zamu, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anayetembea bila haraka. Nilikuwa nikitoka kwake napita Ndia Kuu hadi Fort Jesus huku gumba likigonga paja langu. Mwezi wa pili ndipo shahada iliporuhusiwa kuingia.

Ugumu wenyewe uko hapa: gumba lina safari yake na shahada ina yake, na havifiki kituoni kwa pamoja. Ukivilazimisha vifuatane wimbo unakufa. Unatakiwa uviache, uviamini, na masikio yako yakae katikati. Hilo halifundishiki kwa maneno. Kuna jioni moja, baada ya adhana ya alasiri (Mzee huweka gitaa chini muadhini anapoanza, na halishiki tena mpaka amerudi kutoka msikitini), nilianza tu bila kufikiri na vikaenda, pengine kwa sekunde kumi. Mzee alikuwa akivua viatu mlangoni. Alisimama na kiatu kimoja mkononi mpaka nilipokosea.

Penseli niliyoitumia siku hizo bado ninayo. Ukiilaza juu ya shingo ya gitaa ukaifunga na mpira inabana nyuzi zote sita, na wimbo unapanda hadi pale sauti yako inapofika. Ni mbinu kongwe ya wapiga gitaa kavu, na haigharimu kitu.

Mkono usioonekana

Waulize watu wa Mombasa wakuimbie gitaa la "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Watu wazima karibu wote wataweza, na wengi wataiga solo. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, ile ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga. Solo ni ya John Ngereza, besi ni ya Tom Malanga. Lakini jaribu siku moja kuuondoa mkono wa Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, aliyekuwa akipiga ridhimu. Wimbo utabaki mifupa.

Mimi nampa yeye taji la orodha hii, najua wengi hawatakubali. Mpiga solo akikosea husamehewa, maana anayo nafasi ya kurekebisha katika mzunguko unaofuata. Mpiga ridhimu akikosea wachezaji wanasimama. Nimejaribu kuushika mkato wake kwa dakika sita mfululizo. Dakika ya pili kifundo kinapata joto, ya tatu mkono unaanza kukimbia, na ya nne umeshachelewa. Yeye alikuwa akifanya hivyo usiku kucha, mbele ya watu waliokuwa wakimtazama mwingine. Kasi na madoido watu huvipenda kwa sababu vinaonekana. Uaminifu wa mkono wa kulia hauonekani, hujulikana tu unapokosekana, na mwanafunzi anayeanza na huo atakwenda mbali kuliko yule anayeanza na solo.

Wimbo uliowafika wageni wengi

Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms alitunga "Jambo Bwana" mwaka 1980, bendi ya ndugu zake ikipiga katika hoteli za watalii za pwani hii. Wimbo ukatoka mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M wakautoa upya kwa namna yao. Ni wimbo mwepesi, na wanamuziki wengi huubeza kwa ajili hiyo. Mimi nauheshimu. Kutengeneza kitu ambacho mgeni aliyeshuka jana anaweza kukiimba leo jioni, katika lugha asiyoijua, ni ufundi wa aina yake, na sijaona mwingine aliyeufanya vizuri hivyo.

Aliyekatizwa mapema

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi aliyokuja kuivumisha. Alikwenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970. Mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Kenya ilimpenda kama mwanawe, na "Shida" ulipigwa huku mpaka santuri zikachakaa. Januari 1979 alipata ajali ya gari hapa Mombasa, akafia hapa, akiwa na miaka 34.

Kwa hiyo mji huu una deni kwake ambalo sioni kama limelipwa. Sina habari ya kibao wala jina la njia. Wazee tu ndio wanaokumbuka, nao wanapungua.

Solo zake nimezisikiliza kuliko za mtu mwingine yeyote, na sijaweza hata moja. Si kwa kasi yake, maana wapo wenye kasi kumzidi. Mbaraka huchukua sauti nne au tano, akazirudia, akazirudia tena, na kila mara anazisogeza kidogo: mara anaanza mapema kidogo, mara uzi anausukuma ukalia juu zaidi, mara sauti ya mwisho anaimeza. Msikilizaji anadhani anasikia kitu kimoja, na mwili wake unajua sicho. Nilipomwambia Mzee kuwa nimezipata zile sauti zote kwa usahihi, akaniambia nipige. Nikapiga. "Hayo ni maneno yake," akasema. "Sasa sikiza anavyoyasema."

Shina kongwe kuliko yote

Katika kanda za zamani za Mzee, zilizotoka katika duka la Mbwana Radio Service hapa Mji wa Kale, nyingi si za gitaa. Ni za udi. Na hakuna udi uliopendwa Mombasa kuliko wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya maisha yake hapa mjini hadi alipofariki mwaka 2016. Sheikh Ahmed Nabhany alimtungia mashairi. Mwaka 1990 santuri yake iliyoitwa "Mtindo wa Mombasa" ilitoka Uingereza.

Kiswahili kinatumia neno moja kwa udi tunaoufukiza chetezoni na udi tunaoupiga, kwa maana asili yake katika Kiarabu ni mti, ubao. Udi ulivuka na Waarabu hadi Andalusia, na huko Hispania, karne nyingi baadaye, fundi mmoja wa Almería, Antonio de Torres, aliyefariki mwaka 1892, alilipa gitaa tumbo na vipimo tunavyovijua leo. Kwa hiyo mtoto wa Mombasa anayeshika gitaa hashiki kitu kigeni sana. Ameshika kitu chenye ndugu katika nyumba ya pili.

Tofauti yao ni shingo. Gitaa lina freti, vile vipande vya chuma vinavyomwonyesha mpigaji sauti iko wapi. Udi hauna. Kidole kikisogea kwa upana wa punje ya mchele sauti imekuwa nyingine, na zile sauti zilizo katikati, ambazo gitaa haliwezi kuzifikia, ndizo zinazofanya watu wa hapa wafumbe macho harusini. Zein alikuwa akizipata kama mtu anayeingia nyumbani kwake gizani. Mzee amenifundisha kuinamisha nyuzi za gitaa, kuzivuta kwa nguvu kidogo pembeni, ili nizikaribie. Nazikaribia. Tangu hapo nimeanza kuisikia tofauti hata katika gitaa la Fundi Konde, mahali ambapo mtu wa pwani anaivuta sauti kidogo kabla ya kuiachia, jambo ambalo wapigaji wa bara wa zama zake hawalifanyi kwa namna hiyo.

Nyuzi zinazokufa upesi

Chumvi haiheshimu hata nyuzi za bei. Nyumba ya Mzee iko hatua chache kutoka baharini, na upepo wa kusi ukianza nyuzi za chuma hugeuka rangi katika wiki tatu. Sauti yake hufifia kwanza, kisha ncha za vidole huanza kunuka kutu, kisha uzi mmoja hukatika, mara nyingi ule wa kwanza, mwembamba. Tiba aliyonifundisha ni kuzipangusa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, uzi mmoja mmoja, juu na chini, na kulilaza gitaa ndani ya mfuko wake, kamwe lisiachwe limeegemezwa ukutani penye unyevu, kwa maana shingo hupinda. Ni kazi ya dakika tano. Nimeona magitaa mazuri ya watu yakifa Mombasa kwa kukosa dakika tano hizo.

Nyuzi kuukuu hatutupi. Chini, mlangoni, kuna kijana wa miaka tisa au kumi aliyetengeneza gitaa lake kwa galoni ya mafuta ya kupikia na ubao wa sanduku. Kwanza alilitia mshipi wa kuvulia samaki, aliopewa na wavuvi wa bandari ya zamani. Nilimsimulia kuwa Franco wa Kongo, aliyezaliwa mwaka 1938 na kuongoza OK Jazz kwa zaidi ya miaka thelathini, naye alianza utotoni na gitaa la kujitengenezea, nyuzi zake zikiwa za waya wa umeme alioumenya. Kijana akaniuliza waya wa unene gani.

Siku hizi anachukua nyuzi zetu. Ana nne tayari, na amezipanga kwa unene, jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Juzi alipanda zile ngazi za giza hadi mlangoni kwa Mzee, akabisha hodi, akasimama huku ameficha mikono nyuma. Alitaka kujua uzi wetu wa tatu utakatika lini.

Mzee alilichukua gitaa lake mwenyewe, akaulegeza uzi wa tatu, akautoa ukiwa mzima, akamkabidhi.